ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 14: MUUAJI ASIYEONEKANA

Wiki iliyopita niliahidi kisa cha jiko. Kaeni vizuri, ila kama una jiko la mkaa ndani na umefunga mlango, litoe nje kwanza ndipo urudi kusoma. Sitanii.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu: filamu za kizamani za mauaji. Zile za London ya enzi za Malkia Victoria, ukungu mtaani, magari ya farasi, jumba lenye ngazi zinazolia, maiti sebuleni na hakuna anayejua nani kafanya. Ninayoipenda kuliko zote ni Gaslight ya mwaka 1944, nyeusi na nyeupe, ile iliyompa Ingrid Bergman Oscar. Binti anaolewa, mume anamrudisha kwenye nyumba ambamo shangazi yake aliuawa. Kila usiku mume akitoka, taa ya gesi chumbani inafifia yenyewe, na juu ya dari zinasikika nyayo. Binti anaambiwa anachanganyikiwa, na yeye mwenyewe anaanza kuamini.

Samahani, nawamalizia uhondo, ila filamu ina miaka zaidi ya 80. Hakuna mzimu. Mume ndiye muuaji, na yuko darini anatafuta vito vya marehemu. Akiwasha gesi huko juu, ya chini inapungua. Jibu lote lilikuwa kwenye taa, mbele ya macho yake.

Sasa tuje Same.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mgeni akifika Same mjini anaona jua, vumbi na mikonge, anadhani Upare wote ni joto. Panda kule juu, upande wa Chome na Mlima Shengena, uone watu wanavyovaa makoti saa sita mchana. Kijiji sikitaji, na mambo mengine nimeyabadilisha ili watu wasijulikane.

Asubuhi, nikiwa nakaribia kukabidhi zamu, gari likaleta mama na watoto wawili. Mama anatapika, kichwa kinampasua, hajui leo ni siku gani. Mtoto mkubwa analia kichwa. Mdogo amelegea kama kitambaa. Joto la mwili kawaida. Kipimo cha malaria hakuna kitu. Sukari nzuri. Nikawawekea kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni: 98, 99, 98. Nikasema moyoni, hawa wamekula kitu kibaya.

Shemeji wa yule mama, mtu mzima kunizidi, akanivuta pembeni. "Sista, msihangaike na dawa zenu. Hawa wamerogwa, na aliyefanya tunamjua."

Akanipa ushahidi. Juzi yake bibi jirani alikuja kuomba chumvi akanyimwa, akaondoka ananung'unika. Alfajiri ni bibi huyohuyo aliyegonga, akasukuma mlango, akapiga kelele. "Alijuaje kama kuna tatizo? Na kuku watatu waliolala ndani wamekufa wote. Mbwa wa nje mzima." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba vijana wanamsubiri tu awape neno.

Jamani, nilipata baridi mgongoni. Mnajua nchi hii bibi mwenye macho mekundu anavyoweza kumalizwa kwa neno moja. Na macho yale ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka 60.

Lakini kuku walinigutusha. Shuleni nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kilichochapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, lakini Bwana Msa na kiko chake hakubali kwamba mzimu ndio ulioua. Anauliza maswali madogo madogo. Basi na mimi nikauliza.

"Baba, usiku walilala na nini ndani?"

"Na jiko tu. Baridi ilikuwa kali, mvua inanyesha."

"Nyumba ikoje?"

"Mpya hiyo! Kaka kaimaliza mwaka jana. Madirisha ya vioo, dari, mlango haupitishi hata upepo." Alisema kwa fahari.

Nikakimbia kwa daktari wa zamu. Aliponisikiliza tu, akasema wote oksijeni, barakoa zenye mfuko, sasa hivi.

Muuaji anaitwa kaboni monoksaidi. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha, unaitoa. Haina rangi, haina harufu. Inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kipimo chetu cha kidoleni hakitofautishi, kinakuandikia 98 huku mtu anakufa. Ile namba ilinidanganya kama yule mume wa kwenye filamu. Ukivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu inatoka kwa saa nne hadi tano hivi. Kwa oksijeni kamili, ni kama saa moja na nusu.

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wa ajabu ndani ya jumba lao. Likakaguliwa, kumbe tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, moshi unaingia ndani. Likatengenezwa, mizimu ikahama.

Kufikia mchana mama alikuwa anauliza watoto wake wako wapi. Nikamwita shemeji nikamwonyesha. Nikamwambia, "Baba, nyumba ya udongo ya zamani ingepitisha hewa. Hii mpya imeifungia sumu ndani. Na yule bibi alipousukuma mlango, ndiye aliyewaingizia hewa. Angechelewa kidogo, leo mngechimba makaburi matatu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatoka nje na simu. Nilisikia kipande tu: "Msimguse. Nasema msimguse mama wa watu."

Kwenye filamu, anayekuta maiti ndiye mshukiwa wa kwanza. Huku kwetu pia. Mimi mwenyewe, bila wale kuku, ningewapa dawa ya tumbo na bibi angebaki mikononi mwa vijana.

Kwa hiyo naomba. Jiko la mkaa lisilale na watu, hata likibaki majivu yenye moto kidogo. Na watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja bila homa, watoe nje, wawahishe hospitali, useme wazi: kulikuwa na jiko.

Wiki mbili baadaye mama alirudi kuangaliwa. Alikuja na bibi. Walikuwa wamebeba kifurushi cha tangawizi, na bibi ndiye aliyenikabidhi.

Tukutane Jumapili.