Ujiji na Magazeti Yaliyofungia Dagaa

Kutoka stesheni ya Kigoma, inapokomea Reli ya Kati, hadi Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala. Nilifika baada ya swala ya Alasiri, nikapita chini ya miembe hadi penye mnara wa mawe unaokumbusha kuwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta hapa David Livingstone.

Wageni wengi hupiga picha wakaondoka bila ya kutafakari jambo moja: Stanley alikuwa mwandishi wa habari. Alitumwa na New York Herald, gazeti la mji mkubwa ng'ambo ya bahari. Basi Ujiji uliijia dunia kwa njia ya gazeti. Lakini habari iliyosomwa huko mwaka 1872 ilikuwa ya Mzungu aliyetafutwa na Mzungu aliyempata. Wavuvi, mafundi wa mitumbwi na walimu wa Qur'ani wa mji huu walibaki pembezoni mwa kisa kilichotokea mlangoni mwao.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya pwani ambayo misafara iliitembea kwa miezi ikawa safari ya siku chache. Wamanyema wengi, ambao wazee wao walivuka ziwa na kupitia Ujiji, walikuwa na makazi Dar es Salaam. Huko, katika mitaa ya Waafrika, ndiko watu walikoanza kujichapishia habari zao.

Kabla ya hapo msomaji wa Kiswahili alitegemea Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, au magazeti ya misheni. Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara aliyetoka Uganda, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Jina lenyewe lilitosha kuwa hoja. Baadaye Ramadhani Mashado Plantan, Muislamu wa Dar es Salaam, alitoa Zuhra, lenye jina la nyota ing'aayo, likawa miongoni mwa sauti za waliodai uhuru.

Hayakuwa na fedha wala mitambo ya New York. Lakini mwenye gazeti la mtaani hukutana na msomaji wake msikitini, sokoni na msibani. Akikosea, huambiwa usoni. Hilo Stanley hakulijua, kwani aliowaandika hawakuwa wasomaji wake.

Magharibi ilipokaribia nilikaa barazani kwa mwenyeji wangu, mzee wa Ujiji. Nikamwuliza kama yupo aliyehifadhi magazeti ya zamani yaliyoletwa na treni. Akacheka.

"Mwanangu, tuliyasoma hapa hapa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kisha yakaenda sokoni kufungia dagaa."

Nilicheka naye, lakini moyo uliniuma. Mnara wa mgeni umejengwa kwa mawe. Maneno ya wenyeji yameliwa na mafuta ya mawese.

Ndugu msomaji, amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa ni kusoma. Wajukuu zetu watasoma nini kutuhusu sisi? Wiki hii fungueni sanduku la bibi. Mkikuta ukurasa wa gazeti la kale, andikeni nyuma yake ulikotoka na nani aliutunza. Na kama sanduku ni tupu, mwenye sanduku bado yupo: kaeni naye, mwandike.