Macho ya Mgeni: Alama za Barabara katika Safari ya Kinango

Kinango ni mji mdogo ulioko nyuma ya milima ya Shimba, katika nchi ya Waduruma, Kaunti ya Kwale. Msafiri atokaye Mombasa huvuka maji ya Likoni kwa feri, au siku hizi hupita njia ya Dongo Kundu, akashika barabara kuu iendayo Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania. Afikapo Kombani huiacha barabara hiyo na kupanda mpaka mji wa Kwale. Huko juu kuna ubaridi na misitu. Mbele yake nchi huteremka tena, minazi hupungua, mibuyu na miti ya miiba huzidi, na mvua huwa ya kubahatisha. Hiyo ndiyo nchi ya ng'ombe na mbuzi, na ndani yake umo Kinango, mji wa soko, hospitali, shule na ofisi za serikali.

Wengi waliosafiri njia hiyo wamesifu uzuri wa nchi. Lakini iko habari nyingine iliyosimama kando ya barabara, ambayo watu huipita kila siku bila kuisoma. Ni vibao vya alama. Mtu akivitazama kwa makini atajua mambo mengi: barabara ni ya nani, nani analindwa, na ni kitu gani kimesahauliwa.

MGENI NI KIPOFU

Wahenga wa pwani walisema kwamba mgeni ni kipofu, angawa na macho. Hapana neno lielezalo kazi ya kibao cha barabarani kuliko hilo. Mwenyeji wa Kinango hahitaji kuambiwa kwamba mbele kuna kona kali, wala kwamba jioni mifugo hurudi kutoka majini kwa kuikata njia. Ameyajua hayo tangu utoto wake. Dereva wa lori apitaye mara ya kwanza hayajui, na usiku hawezi kuyaona. Kibao ndiyo macho yake.

Hata hivyo, faida yake si ya mgeni peke yake. Kona ikimshinda dereva, gari lake huingia katika ua wa mwenyeji. Asipojua kwamba pana shule, mtoto atakayeumia ni wa mwenyeji. Kwa hiyo kibao humwongoza mgeni na kumlinda mwenye mji, na ni makosa kudhani kwamba ni mali ya watu wa mbali.

Alama hizo zina lugha yake, nayo ni nyepesi kujifunza. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya: mbele kuna kona, daraja jembamba, mifugo au watoto. Duara huamuru: lenye ukingo mwekundu hukataza, na la buluu humwambia dereva la kufanya. Kibao cha mstatili hueleza tu, kama vile majina ya miji na mahali pa hospitali. Ziko mbili zilizopewa umbo la peke yake. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ile ya kuwapisha wengine ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini. Zilifanywa hivyo ili dereva azitambue hata zikifunikwa na vumbi, na hata akiziona kwa nyuma. Katika nchi kavu kama Kinango, ambako gari moja likipita huacha wingu la vumbi, jambo hilo si dogo. Tena mtu asiyejua hata herufi moja aweza kuzisoma.

Ili wageni wasipotee wavukapo mipaka, mataifa mengi yalikutana Vienna mwaka 1968 wakapatana juu ya maumbo na rangi za alama. Dereva avukaye kutoka Lunga Lunga kuingia Horohoro huendelea kushika mkono wa kushoto, na vibao aviona kama ndugu wa vile alivyoviacha. Lakini atokaye Uganda kuingia Kongo hubadili upande, akashika mkono wa kulia. Mahali kama hapo mtu akipuuza alama moja tu, aweza kukutana uso kwa uso na gari lingine.

Taa za rangi ni mambo ya miji mikubwa, na mtu wa Kinango huzikuta aendapo Nairobi au Mombasa. Zilianza London mwezi Desemba mwaka 1868, karibu na nyumba ya Bunge. Taa hiyo ya kwanza iliwaka kwa gesi, na polisi alisimama hapo kuigeuza kwa mkono. Haukutimia mwezi, gesi ikalipuka na kumjeruhi yule polisi. Taa za umeme zilikuja Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Hadithi hiyo yafundisha kwamba alama haitoshi kuwekwa. Sharti awepo mtu wa kuitunza. Na mpaka leo, polisi akisimama njia panda na kuinua mkono, mkono wake ndio ufuatwao, hata kama taa yasema vingine.

NI NANI MWENYE KIBAO

Nchini Kenya msingi wa mambo haya ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika mwaka 1954 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Sheria hiyo humtaka kila dereva kutii alama zilizowekwa kwa haki, awe na lori, matatu au pikipiki. Wala si kila mtu aliye na ruhusa ya kusimamisha kibao barabarani; kazi hiyo ni ya mamlaka yenye kuisimamia barabara.

Hapo ndipo mwananchi huchanganyikiwa, kwa sababu safari moja hupita katika mikono ya wenyewe wengi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka mbalimbali: moja ya barabara kuu za kitaifa, moja ya barabara za vijijini, na moja ya barabara za mijini. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikagawa kazi. Sheria za usafiri wa barabarani zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, lakini barabara za kaunti, taa za mitaani, mwendo wa magari mijini na mahali pa kuyaegesha vikapewa serikali za kaunti. Yale mabaraza ya mitaa ya zamani yaliondoka, na tangu mwaka 2013 watu wa Kinango hupeleka mambo hayo kwa serikali ya kaunti iliyoko Kwale.

Kwa hiyo barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga ina mwenyewe wake, na kijia cha sokoni kina mwenyewe mwingine. Wazazi wakitaka kibao cha watoto mbele ya shule, jambo la kwanza ni kuuliza barabara ile ni ya nani. Msimamizi wa wadi au chifu aweza kuwaonyesha mlango. Jambo la pili ni kuandika barua yenye maelezo kamili: jina la shule, mahali penyewe, saa ambazo watoto huvuka, na aina ya magari yapitayo. Jambo la tatu ni kubaki na nakala. Maneno yaliyosemwa barazani husahaulika, lakini barua iliyopigwa muhuri wa kupokewa humfuata mwenye ofisi. Tena kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya makadirio ya fedha, hapo ndipo mahali pa kutaja vibao na matuta, kabla fedha hazijagawanywa.

Katika sehemu nyingi za nchi, watu waliochoka kungoja wamejenga matuta yao wenyewe kwa udongo na mawe. Uchungu wao waeleweka, hasa pale mtoto alipokwisha kugongwa. Lakini tuta lisilo na kibao wala rangi ni mtego. Mwendesha pikipiki ajaye usiku na mama mgonjwa nyuma yake hulikuta ghafula, na waliotaka kuokoa roho moja wakapoteza nyingine. Tuta na kibao chake havifai kutengwa.

LAMI NA MWENDO

Zamani, kabla ya lami, njia za Kinango zilikuwa na askari wake zenyewe, nao ni mashimo na makorongo. Dereva alitaka asitake, alikwenda polepole. Lami ni neema kubwa: mgonjwa hufika hospitali upesi, mahindi na mbuzi hufika sokoni, karani hufika kazini bila kutapakaa vumbi. Lakini lami ikija huwafukuza wale askari wa zamani, na kazi yao yote huangukia kibao. Barabara iliyowekwa lami pasipo alama ni kama jambia lisilo na ala.

Sheria yasema kwamba ndani ya mji au kituo cha biashara gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyopunguza mwendo karibu na shule kuwa kilomita 30. Matatu na malori hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 hata mahali peupe. Wengi huziona tarakimu hizo kama maneno matupu, lakini yafaa kuzipima kwa hesabu. Mtoto avukaye barabara huchukua kama nukta tano za saa, yaani sekunde tano. Katika muda huo, gari liendalo kilomita 30 kwa saa husogea kama mita 42. Liendalo 50 husogea kama mita 70. Liendalo 80 husogea mita zaidi ya 110, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Gari ambalo mtoto aliliona mbali alipoinua mguu limekwisha kumfikia kabla hajamaliza kuvuka. Hakukosa akili, alikosa kujua mwendo wake, na dereva alikosa kujua kwamba yuko.

Mwaka 2023 watu 4,324 walikufa katika ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi lililo kubwa zaidi lilikuwa la waendao kwa miguu.

Si watoto na mifugo tu wavukao. Kati ya Kwale na Kinango liko eneo la Mwaluganje, ambalo wenyeji walilitenga kwa ajili ya ndovu katika miaka ya 1990, na juu yake iko Hifadhi ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968. Ndovu hana habari ya Sura ya 403. Kibao chenye picha ya mnyama hakikuwekwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya dereva, ili apunguze mwendo giza liingiapo.

WAVUNJAO NA WAFICHAO

Yako maadui matatu ya kibao. La kwanza ni mwizi wa vyuma. Bati hung'olewa, nguzo ikakatwa, vikauzwa kama vyuma chakavu kwa bei ya mlo mmoja. Uharibifu wa mali ya umma ulizidi hata mwezi Januari mwaka 2022 serikali ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. La pili ni karatasi. Wakati wa uchaguzi, picha za wagombea hubandikwa juu ya alama, na dereva atafutaye onyo la kona huonyeshwa uso unaocheka. La tatu ni uzembe: matawi hukua, rangi hupauka, na hakuna akatae tawi wala apelekaye habari.

Kuondoa au kuharibu alama ni kosa la kisheria. Lakini polisi hawawezi kulala chini ya kila kibao kutoka Kombani mpaka Kinango. Mlinzi aliye karibu ni mwenye shamba lililo kando yake, mwenye duka la njia panda, na kijana wa bodaboda angojaye abiria hapo mchana kutwa. Hao ndio waonao kwanza kibao kilipoinama au kutoweka.

Kaskazini ya Kinango njia huenda kukutana na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambayo hupita Samburu, Taru na Mackinnon Road. Jina la mahali hapo pa mwisho lilitokana na njia ya magari ya ng'ombe iliyopasuliwa katika miaka ya 1890 na kupewa jina la Sir William Mackinnon. Magari ya ng'ombe hayakuhitaji kibao, kwa maana mtu na ng'ombe walikwenda mwendo mmoja na kila mmoja alimwona mwenziwe. Leo malori ya bandari hupita hapo usiku na mchana, yakiongozwa na madereva wasiomjua mtu hata mmoja wa mahali hapo.

Dereva huyo hawezi kuwajua watoto wa Kinango kwa majina, wala wao hawawezi kumjua yeye. Kitu kilicho kati yao ni kibati kimoja chenye rangi nyekundu na nyeupe juu ya nguzo. Kikisimama wima na kusomeka, kimewafanya watu wasiojuana wawe na mapatano. Kikiuzwa kwa mzani wa vyuma, aliyekiuza amemfumba macho mgeni, na mgeni huyo yuaja kwa kasi kuelekea mlangoni pa wenye mji.