Ndege Mwenye Hina katika Milima ya Cazorla

Katika ziara yetu ya Andalusia tulikuwa watu wanane, na siku zetu tulizipanga kwa ajili ya misikiti na makasri ya kale. Siku moja tu tuliitenga kwenda milimani kutazama ndege, nayo ndiyo tunayowasimulia leo.

Siku mbili kabla yake tulikuwa Córdoba, tumesimama kando ya mto Guadalquivir, ambao jina lake si jengine ila Wadi al-Kabir kwa matamshi ya Kihispania. Kisha tukaipita mizeituni isiyohesabika ya jimbo la Jaén, tukapanda Sierra de Cazorla, ambako mto huo mpana huanza kama kijito anachoweza kukiruka mtoto.

Mwongozaji wetu, Mhispania wa rika letu, alitugawia darubini akatuomba tunyamaze, jambo lisilokuwa jepesi kwa watu wa pwani wanane. Haukupita muda tukawaona tumbusi wakizunguka juu ya majabali bila kupiga bawa, wakibebwa na hewa ya joto. Suratul Mulk inatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu. Tangu chuoni tumeisoma, lakini shingo zetu hatukuwa tumeziinua.

Hata hivyo, tuliyemfuata ni mwengine: tumbusi mwenye ndevu, ambaye Wahispania humwita quebrantahuesos, yaani mvunja mifupa. Chakula chake kikubwa ni mifupa. Ule usiomezeka hupaa nao, akauangusha mwambani ukapasuka. Tena hujipaka tope lenye chuma mpaka kifua chake cheupe kikageuka rangi ya hina. Tulicheka, maana miongoni mwetu zimo ndevu za rangi hiyo hiyo.

Kicheko kilikatika mwongozaji alipotueleza kuwa ndege huyu alitoweka katika milima hii mwaka 1986, kwa bunduki na kwa sumu. Sumu ilitegewa wanyama wanaokula mifugo, lakini aliyeshuka kwenye nyama ile hakuwa na habari ya nani aliyekusudiwa. Mwaka 2006 walianza kuachiliwa ndege wachanga waliolelewa na binadamu, na mwaka 2015 kinda wa kwanza akaanguliwa tena huko porini. Kosa la mkono mmoja liligharimu miaka 29 ya kusubiri.

Mwenzetu mmoja, aliyekulia kwa wafugaji wa Tana River, aliiweka darubini chini. "Mashekhe zangu," akasema, "nilipokuwa kijana tulitia sumu mzoga wa ng'ombe ili tumwue fisi. Asubuhi tulimkuta fisi mmoja, na tumbusi wamelala wamemzunguka, mabawa yametandaa. Sikupata kumwambia mtu."

Hapakuwa na aliyemjibu. Wakati wa sala ulikuwa umeingia, tukatawadha kwa maji ya kijito, baridi yake ikiuma vidole. Kwetu Mombasa Kibla kiko kaskazini. Kule tulielekea mashariki. Tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, na yeye alikaa kwenye sijda ya mwisho muda mrefu.

Tulipotoa salamu, kivuli kilipita juu ya nyasi. Alikuwa ndiye: mabawa marefu yaliyochongoka, kifua cha hina. Akatupita kimya, akaingia nyuma ya jabali.

Njiani mwenzetu akauliza kama toba ya jambo lile ipo. Tukamjibu ipo: aache, ajute, aazimie kutorudia, na madhara yanayoweza kuzuilika, ayazuie, kwani viumbe hawa ni amana mikononi mwetu.

Ijumaa iliyopita alisimama baada ya sala katika kijiji chao, akawasimulia wafugaji habari ya milima ya Cazorla na ya mzoga ule wa ujanani. Vijana wawili walimfuata nje wakamkabidhi chupa. Mwenyezi Mungu amkubalie, na atukubalie sote. Amin.