Masaa Manne

Mdogo wangu wa kiume ana selimundu. Akiumwa mifupa, nyumba nzima hukesha naye. Usiku uume uliposimama na kuuma bila hamu yoyote, alikesha peke yake. Alinipigia simu alfajiri, akinong'ona.

Chembe zenye umbo la mundu huziba njia ya damu kutoka. Yakipita masaa manne, ni dharura. Daktari alimchoma sindano, akavuta damu: nyeusi, oksijeni kidogo, ushahidi kwamba imekwama. Akaingiza fenilefrini kubana mishipa; uume ukalegea. Angezidi kuchelewa, misuli ya ndani ingekufa, na nguvu za kiume nazo.

Kliniki tumehudhuria tangu utoto wake. Tulifundishwa maji, homa, foliki asidi. Hili halikutajwa mbele ya mama. Wavulana waambiwe mapema, waziwazi, kabla aibu haijawatangulia.