Mwezi Haukuandama

Butembo, Jumamosi 4 Machi 2023

Tumetoka saa kumi na mbili kasoro alfajiri, wanawake tisa, tukashuka Furu tukiimba. Sasa futingi yetu, mbio zetu za alfajiri, ni siku sita kwa juma, kilomita nane kila siku, na mji huu hauna mahali tambarare: uko juu zaidi ya mita 1,700, na kila njia ni mlima au mteremko. Septemba nilikuwa nasimama mara tatu kabla ya kufika juu. Leo nimepanda huku naongoza wimbo.

Naandika na hili ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wangu wa mwisho niliuona kabla ya Noeli. Januari sikuona. Februari sikuona.

Jumapili 12 Machi

Mama mkwe amegundua. Hakuuliza neno, alileta kuku. Tuna mwaka mmoja wa ndoa na mbuzi wote wa mahari walishatolewa, kwa hiyo naelewa furaha yake. Lakini nimeshapima mimba mara mbili, na mara zote mbili ulitokea mstari mmoja. Nilimpigia mume wangu, yuko Kasindi na mizigo yake. Alinyamaza, kisha akauliza kama nimekula.

Jumamosi 18 Machi

Nimewauliza wenzangu wawili, kwa kuzungukazunguka. Mmoja akasema ni baraka, nimeepuka gharama ya pamba. Wa pili akasema ndiyo dalili kwamba mwili umekuwa wa mwanariadha. Duka moja la dawa lilitaka kuniuzia vidonge vya kushusha mwezi bila hata kuniuliza umri. Sikununua. Sijui nilipata wapi ujasiri, kwa maana nilikuwa nimeshatoa pesa mfukoni.

Jumatano 29 Machi

Hatimaye nimekwenda kwa daktari. Ni mama wa makamo, hana haraka. Aliuliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi, kwa kuwa navyo hukata mwezi. Akapapasa shingo yangu kutafuta rovu. Akauliza kama matiti yanatoa maziwa. Akachukua damu, akapima mimba kwa mara ya tatu. Kisha akaweka kalamu mezani: “Binti yangu, jana ulikula nini?”

Nikamwambia. Chai kavu baada ya mbio. Mchana sikula, ni Kwaresima, na hata kabla ya Kwaresima mchana huwa unanipita nikiwa darasani. Jioni bugali na sombe, siku nyingine maharagwe. Sikufunga ili nikonde, nilimwambia, na ni kweli.

Akasema mwili hufanya kama wafanyabiashara wa mji wetu. Fedha ikipungua hawafungi duka, wanaacha kuagiza bidhaa inayoweza kusubiri. Moyo hauwezi kusubiri, mapafu hayawezi. Mimba inaweza. Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo, hipothalamasi, inayopiga ishara kama ngoma. Nguvu zikikosekana mapigo yanakuwa machache, ovari hazipati amri ya kukomaza yai, estrojeni inashuka, na mwezi unapotea. Hata mtu asiyeonekana amekonda hupatwa.

Usiku huu nimepiga hesabu, ndiyo kazi yangu shuleni. Nina kilo 52. Nikitoa mafuta, daktari anakadiria kilo 40. Watafiti waliona homoni zinavurugika pale mtu anapobakiwa na chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya hizo kwa siku, baada ya mbio kuchukua zao. Kwangu ni 1,200. Kilomita nane zinachoma kama 400. Kwa hiyo 1,600 ni ukingo wa shimo. Aliye salama hubakiwa na 45 kwa kilo, maana yake mimi nile 2,200. Nimeandika kila nilichokula juzi na jana. Sikufika hata ukingoni.

Mifupa ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu estrojeni ndiyo mlinzi wake. Mkimbiaji wa Marekani, Mary Cain, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alikaa miaka mitatu bila hedhi na akavunjika mifupa mitano. Na Kenya, ambako sote tunadhani wanajua yote ya mbio, utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta wasichana wakimbiaji hodari nao wamo hatarini. Vile vidonge vya dukani vingeniletea damu, mimi nikaamini nimepona, na mifupa ikaendelea kuliwa.

Beni, Pasaka, 9 Aprili

Kilomita 54 tu, lakini barabara hii mtu huisafiri akisali. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alihamia hapa kutoka upande wa Oicha, katika mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 na ambayo hayajaisha.

Jikoni nilimwambia nimepoteza mwezi kwa sababu ya kukimbia. Akasema, “Hata mimi. Miezi minane.”

Nilichelewa kuelewa. Kukimbia kwake kulikuwa usiku, mtoto mgongoni na wawili mkononi, halafu majuma ya mihogo na kulala na viatu miguuni. Hakuna aliyempima. Waliomzunguka walisema ni pepo. Naye aliamini, mpaka mwezi uliporudi wenyewe alipopata nyumba na sufuria yake. Daktari aliniambia ngoma ile hunyamaza kwa njaa na hunyamaza kwa hofu. Katika kambi za vita vikuu vya pili wanawake wengi walikatikiwa hivyo hivyo. Niliona aibu kuleta habari za futingi mbele ya yaya. Yeye hakuona hivyo. Alinipakulia mara mbili, akakaa mpaka nikamaliza.

Butembo, Jumamosi 22 Aprili

Siku tatu kwa juma sasa. Ndizi mbili kabla ya kutoka, uji wa soya na maziwa nikirudi, avoka na karanga saa nne na saa saba mchana, kama dawa. Ni pesa, na najua si kila mmoja wetu anazo. Mama mkwe nimemweleza yote, pamoja na kwamba yai hutangulia damu, hivyo mimba inaweza kuingia kabla sijaona mwezi. Alisikiliza vizuri. Jioni akaleta kuku wa pili.

Jumamosi 20 Mei

Mwezi umeandama Jumanne. Kidogo, siku mbili.

Leo tulipomaliza kuimba niliwasimulia wenzangu wote, nimesimama katikati yao na jasho langu. Kimya. Tulipokuwa tukirudi, mwanafunzi wangu wa darasa la tano la sekondari, anayekimbia nasi, akabaki nyuma nami. “Madamu, mimi tangu Novemba.” Halafu akaonyesha muundi wa kushoto, mahali pamoja panapomuuma hata usiku akiwa amelala. Nilimkataza kukimbia hatua moja zaidi, tukapanda mlima polepole.

Jumatatu nitakwenda naye na mama yake kwa yule daktari. Nimemwambia aje ameshakula.