Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha mashine ya kusaga

Wiki hii siandiki juu ya barabara wala usalama. Naandika juu ya mota ya umeme, sababu kwetu hapa Beni mota ya mashine ya kusaga ikiungua, ni chakula kinachokwama.

Mtaani kwetu nyumba nyingi zimepokea familia zilizokimbia vijiji vyao, na wote, wenyeji na wageni, wanakula bugali. Mashine iliyo karibu nasi ilipoungua, akina mama walianza kubeba mihogo mikavu kichwani hadi mtaa mwingine. Nilienda kuuliza: mota iliyosaga miaka bila shida, iungueje siku ambayo haikusaga hata kilo moja?

Jibu lilikuwa humo humo. Siku ile umeme ulikuja na kukatika mara kwa mara. Kila uliporudi, mwendeshaji aliwasha, mdomo wa mashine ukiwa bado umejaa mahindi. Mota ikanguruma, haikuzunguka vizuri, umeme ukakatika, akawasha tena. Fundi wa kubobina alipoifungua, nyaya za shaba zilikuwa nyeusi, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba.

Fundi huyo alinieleza jambo ambalo wengi hatulijui. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi nane kuliko ikiwa kwenye mwendo wake. Mota ya kilowati 15, inayotumia karibu ampea 30 ikisaga, inaweza kuvuta 180 wakati wa kuwaka. Na joto haliongezeki kwa kiasi hicho tu: umeme ukiwa mara 6, joto ndani ya nyaya huwa mara 36. Tena feni ya kuipoza imefungwa kwenye mhimili wake. Mota isipozunguka, feni nayo imesimama.

Kuwaka kwa kawaida huchukua sekunde chache, basi joto hilo halileti shida. Shida ni kuwasha juu ya kuwasha. Mwendeshaji hugusa mota kwa kiganja, aone ni vuguvugu, ajipe moyo. Lakini kiganja kinagusa chuma cha nje. Nyaya za ndani zimekwisha kuchemka, joto halijafika nje.

Umeme dhaifu huzidisha mambo. Volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka hadi asilimia 64. Inakawia kushika mwendo, na muda wote huo inaungua. Ukisikia inanguruma bila kuzunguka, zima papo hapo. Huenda hata waya mmoja kati ya mitatu ya umeme umekatika.

Kanuni ya watengenezaji wengi ni rahisi: mota iliyopoa, iwashe mara mbili tu mfululizo, iliyo moto, mara moja. Baadaye ngoja, nusu saa hivi. Umeme ukirudi, kwanza toa nafaka iliyobaki ndani, angalia kama taa zinawaka bila kuchezacheza, ndipo uwashe ikiwa tupu. Ikishika mwendo, iache izunguke tupu dakika chache: feni itaipoza vizuri kuliko ukiizima.

Kuna pia rele ya joto, kile kidude chenye kitufe ndani ya sanduku la kuwashia. Ikikata, watu hukasirika. Nimeona wengine wakiiruka kwa kipande cha waya, au wakizungusha namba ya ampea juu ili isisumbue. Hiyo ni kumfunga mlinzi kamba na kuacha mlango wazi. Namba hiyo ifuate ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Na rele isiachwe ijirudishe yenyewe: mashine inaweza kuwaka ghafla mkono wa mtu ukiwa ndani.

Akina mama mnaopanga foleni, mwendeshaji akisema mota inapumzika, msimsukume. Najua watoto wana njaa nyumbani. Lakini kubobina upya ni siku kadhaa bila unga, na gharama yake mara nyingi mnailipa nyinyi kwa bei ya kusaga.

Wanaosimamia pampu za maji nao waangalie: tangi likiwa dogo, pampu huwaka na kuzimika kila mara watu wanapochota. Acheni tangi lishuke kwanza, kisha pampu ilijaze kwa mkupuo mmoja.