Gari ya Marehemu Baba

Nina mazoea ambayo jamaa zangu huyaona ya kitoto. Nipitapo mjini Unguja, macho yangu hutafuta gari za kale. Nionapo moja iendayo kwa nguvu zake yenyewe, hushukuru kimoyomoyo, kisha nikaendelea na safari yangu.

Nizitafutazo zaidi ni Peugeot 404. Zilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na huku kwetu zilijipatia jina katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, zikishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 gari 84 zilianza mbio, zikamaliza 7 tu. Ya mwanzo ilikuwa 404. Utaijua kwa mapezi yake mawili ya nyuma, mfano wa samaki, na kwa gia iliyokaa ubavuni mwa usukani. Kisiwani, adui yake mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari hulila bati kutoka ndani. Mwenye gari anapoiona rangi imefura, aghalabu kilichobaki ni hiyo rangi.

Marehemu baba alikuwa nayo moja, akiifanyia teksi. Kila Alkhamisi jioni aliiosha kwa maji matamu, akalala chini kuisugua tumbo. Alipofariki ilikaa uani miaka mitatu. Fundi alinambia haihitaji ila kabureta na bati la sakafu. Mimi nilihitaji nafasi ya kujenga chumba. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, ikakatwa vipande, ikapimwa kwa kilo. Mama alisimama mlangoni, hakunena neno. Nilipompelekea zile fedha alisema:

“Zitie mfukoni, mwanangu. Mimi sikuuza kitu.”

Tangu hapo ndipo nilipoanza kutafuta.

Juzi, karibu na Darajani, niliikuta 404 nyeupe imefunuliwa boneti. Mzee mmoja alikuwa ameiinamia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Spea mnazipata wapi siku hizi?”

“Hazipatikani. Nyengine tunachongesha. Nyengine tunazikomboa kwa wapima vyuma, kabla hazijavuka bahari.” Akapangusa mikono. “Watoto wa wenzetu wanauza bila ya kuuliza. Wangeuliza, tungewaambia.”

Sikumwambia kuwa mimi ni mmoja wao. Aliwasha, ikakohoa mara mbili, ikashika. Mlio ule niliujua: ndio uliokuwa ukituamsha kabla ya adhana ya alfajiri.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikupata hata huo msala, kwani kile chumba hadi leo hakijapauliwa.

Usiku nilimsimulia mama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Huyo mzee anaiosha?”

Nikamjibu kuwa sikumuuliza.

“Basi kesho rudi,” akasema, “umwambie aioshe na chini.”